Vitamini ya kumwagia shinani: mitufaa yako inalilia kitu kingine

Swali

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Sangabuye, Ilemela, Mwanza. Nina mitufaa 14 aina ya Anna niliyoipanda mwaka 2020 kwenye kiwanja cha mlimani, udongo wa kichanga, katikati ya mawe. Inazaa, lakini matunda ni madogo, mengi yamepinda upande mmoja, yana madoa ya kahawia kama vishimo, na ukiyala ni makavu mdomoni, utamu hakuna. Kijana wa duka la pembejeo aliniuzia pakiti ya "vitamini ya mimea" ya kukoroga kwenye maji na kumwagia shinani. Nimeitumia misimu miwili. Majani yamekuwa ya kijani iliyokolea, lakini matunda ndiyo yamezidi kuharibika. Jirani yangu anamwagia vitamini ya kuku na anasema ndiyo kiboko. Naomba unieleze: ni vitamini gani hasa, na vijiko vingapi kwa kila shina, ili nipate matunda makubwa, mekundu na matamu kama yale maepo ya Afrika Kusini yanayouzwa Kirumba? Na je, nikimwagia vitamini, wajukuu wangu watakaokula matunda hayo watapata vitamini zaidi? Nimeambatanisha picha ya tunda zima na ya tunda nililolikata.

Jibu

Mwalimu, shikamoo. Na mwangaluka, maana najua asubuhi ya Sangabuye haianzi bila hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha ya tunda ulilolikata nimeikuza kwenye simu mpaka nikaanza kuhesabu mbegu. Nitairudia baadaye, kwa sababu picha hiyo moja imenieleza mengi kuliko pakiti yote uliyonunua.

Kwanza nijibu ulichouliza. Hakuna vitamini ya kumwagia shinani, iwe kijiko au ndoo nzima, inayoweza kulifanya tufaa liwe kubwa, tamu au jekundu. Na wajukuu hawatapata vitamini zaidi kwa njia hiyo. Nimelisema mapema ili usije ukatoa hela ya msimu wa tatu kabla hujamaliza kusoma.

Binadamu analazimika kula vitamini kwa sababu mwili wake hauwezi kuzitengeneza, au huzitengeneza kidogo mno. Mti hauna shida hiyo. Jani la mtufaa likipata jua, maji na hewa hutengeneza sukari, na kutokana na sukari hiyo mti hujitengenezea wenyewe vitamini C, B1 na nyinginezo kwa kadiri ya haja yake. Sisi tunakula mchicha na machungwa kwa sababu mimea ndiyo kiwanda. Kuupelekea mtufaa vitamini ni sawa na kumpelekea mvuvi wa Igombe dagaa ulionunua sokoni.

Tena hiyo vitamini yenyewe haifiki mahali. Vitamini C ikikutana na hewa na madini ya chuma yaliyomo udongoni huharibika upesi, na kinachosalia huliwa na bakteria waliojaa katika kila konzi ya udongo. B1 nayo ni hivyo hivyo. Halafu bakteria na kuvu wa udongoni hutengeneza vitamini za kundi B wao wenyewe, bure, mradi tu wana mboji ya kula.

Imani hii si ya Mwanza peke yake, wala haikuanza jana. Katika miaka ya 1930 mtafiti mmoja wa chuo cha Caltech huko California, James Bonner, alikata ncha za mizizi ya njegere akazikuza kwenye chupa maabara. Zilidumaa mpaka alipoziongezea vitamini B1. Habari ikaenea, magazeti ya bustani ya Marekani yakaipigia debe, na watu wakanunua B1 kwa wingi kumwagia maua yao. Lakini ncha ya mzizi iliyokatwa haina majani. Kwenye mmea mzima majani ndiyo yanayotengeneza B1 na kuishusha mizizini. Majaribio yalipofanywa kwa mimea mizima, faida haikuonekana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bonner mwenyewe alikuwa ameyaacha madai hayo. Biashara ndiyo haikuyaacha. Utasikia pia kwamba wapo watafiti wanaopulizia vitamini C kwenye majani ya mimea iliyobanwa na ukame au chumvi, na baadhi ya mimea ikavumilia zaidi. Hiyo ni dawa ya majani kwa mimea iliyo taabuni, haihusiani na kumwaga pakiti shinani.

Sasa kwa nini majani yako yalikolea kijani? Kwa sababu kilichouzwa kama vitamini, kwa dalili unazozieleza, kina naitrojeni ndani yake. Geuza pakiti usome nyuma. Bidhaa nyingi za namna hiyo ni mbolea ya maji iliyopewa jina la kuvutia. Nyingine ni dondoo ya mwani au asidi ya humiki, ambazo huweza kusaidia mizizi kidogo lakini nazo si vitamini. Mbolea halali nchini lazima iwe imesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na lebo ionyeshe ina virutubisho gani na kwa asilimia ngapi. Pakiti isiyotaja hata asilimia moja ya kitu chochote, irudishe dukani.

Naitrojeni ndiyo iliyokuongezea hasara. Mtufaa ukishiba naitrojeni hukimbilia kutoa machipukizi na majani, na majani hayo mapya ndiyo yanayonyang'anyana maji na kalsiamu na matunda machanga. Tunda halina nguvu ya kushindana na jani. Ndiyo maana uliona mti unapendeza na matunda yanaharibika kwa wakati mmoja. Jambo hili humchanganya kila mkulima, kwa sababu macho yetu yamezoea kuona kijani tukasema mambo ni mazuri.

Kuhusu jirani, naomba ukamwambie kwa upole lakini ukamwambie. Vitamini za kuku zina A, D, E na za kundi B, ambazo mti hauhitaji kupewa. Baya zaidi, baadhi ya unga unaouzwa madukani kwa jina la vitamini ya kuku umechanganywa na antibayotiki, hasa oksitetrasaiklini. Mtu akiumwaga huo kwenye udongo anawafundisha bakteria wa shambani kuizoea dawa ambayo kesho ataihitaji kwa kuku wake, au kwa mtoto wake. Asome lebo leo hii.

Sasa nirudi kwenye picha yako.

Lile tunda zima lina madoa ya kahawia, yamebonyea kidogo, kila moja kama alama ya kidole cha mtoto. Yako upande wa kitako, mbali na kikonyo. Kwenye lile ulilokata, chini ya doa nyama imekuwa ya kahawia, kavu, kama kizibo cha chupa, lakini haijaoza wala haina funza. Angekuwa nzi wa matunda ungeona tundu dogo la sindano, majimaji, kuoza, na funza weupe ndani. Hili lako si mdudu wala si ukungu, usilipulizie dawa yoyote ya wadudu. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Kuta za chembe hai (seli) za tunda hushikamanishwa na kalsiamu; ikipungua, chembe hubomoka na kufa kwa mafungu, na kila fungu ndilo doa moja.

Halafu mbegu. Tufaa ukilikata kwa upana, kupita tumboni, utaona nyota ya vyumba 5, na kila chumba kwa kawaida kina nafasi ya mbegu 2. Tunda lililochavushwa vizuri huwa na mbegu 7, 8, hata 10. Lako nimehesabu 3, zote upande mmoja, na upande huo ndio uliovimba. Vyumba vya upande wa pili ni vitupu, na ndipo tunda lilipopinda. Mbegu ndizo zinazoliamrisha tunda likue, na matunda yenye mbegu chache huvuta kalsiamu kidogo. Kwa hiyo kupinda kwa matunda yako na madoa yake vina undugu.

Mbegu kuwa chache si ajabu, kwa kuwa mitufaa yote 14 ni Anna. Anna ni aina iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi zisizo na baridi kali, na ni chaguo zuri kwa kwetu, ila hujichavusha kwa shida. Inataka mwenzake anayechanua wakati mmoja nayo: Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahama, au Ein Shemer. Wakulima wengi wanauziwa miche ya Anna mitupu kwa sababu ndiyo yenye jina. Huna haja ya kung'oa mti. Tafuta vijiti vya Dorsett Golden kutoka kitalu kinachoaminika, ukienda Lushoto au Njombe waliko wakulima wa matunda ya baridi, umlete fundi wa kubebesha, abebeshe tawi moja moja kwenye miti 4 au 5 iliyosambaa vizuri shambani. Nyuki watamaliza kazi iliyobaki. Wakati wa maua usipulize kiuatilifu chochote.

Sasa kalsiamu, ambayo nitaikalia zaidi, kwa kuwa hapa ndipo "vitamini" unayoitafuta ilipojificha.

Kalsiamu hupanda ndani ya mti pamoja na maji tu. Inabebwa na mkondo unaotoka mizizini kwenda pale ambapo maji yanavukizwa, yaani kwenye majani hasa. Tunda changa lina ngozi laini, linavukiza maji kiasi, hivyo nalo linapata mgao. Lakini wiki 4 hadi 6 baada ya maua kuanguka, tunda linakuwa limetanda nta, halivuti tena maji kwa njia hiyo. Kuanzia hapo linakula sukari inayoletwa kwa njia nyingine kutoka majanini, na njia hiyo haibebi kalsiamu ila chembe tu. Tunda linanenepa, na kalsiamu iliyoingia mwanzo ndiyo hiyo hiyo inayogawanywa kwenye nyama inayozidi kuongezeka. Kwa lugha nyingine, Mwalimu, ubora wa tunda utakalovuna Januari uliamuliwa Septemba na Oktoba, lilipokuwa na ukubwa wa gololi.

Sasa fikiria udongo wako. Huo wa mlimani kati ya mawe ya matale, ambao wazee wa Kisukuma wanauita luseni, ni kichanga kilichotokana na mwamba huo huo. Maji hupita kama kwenye chujio, na kalsiamu, boroni na magnesi huondoka nayo. Mvua ikinyesha siku tatu mti unakunywa kupita kiasi, jua likiwaka wiki moja unakauka. Mti unaopewa maji leo na kunyimwa kesho hauwezi kupeleka kalsiamu kwenye matunda hata kama ukiufunika kwa chokaa. Nimeona mashamba ambayo mkulima alinunua kila aina ya mbolea, na kilichoyaponya ni maji ya kila mara na matandazo.

Kwa mti wa umri kama wa mitufaa yako, kiangazi, kadiria ndoo ya lita 20 kwa siku. Ukishindwa kila siku, mwagia ndoo 3 kila baada ya siku tatu, ukizunguka eneo lote la kivuli cha mti na si shinani, maana mizizi inayonywa iko pembeni. Kisha tandaza. Mwanza hatuna udhuru wa kukosa matandazo: majani ya mpunga yanachomwa Magu na Misungwi, pumba zimerundikana nje ya kila mashine ya kukobolea. Weka unene wa sentimita 10, uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisije likaoza. Wengine hutumia magugu maji ya ziwani. Yanafaa, lakini yakaushe kabisa juani kwanza yasichipue, usiyachukue karibu na mifereji ya maji machafu ya mjini, na usiyazidishe kwa sababu yana potasiamu nyingi sana.

Hapo kwenye potasiamu pana mtego. Ni kweli potasiamu husaidia sukari na rangi, na kila muuza mbolea atakwambia hivyo. Ila potasiamu na magnesi zikizidi hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi, na kalsiamu ndiyo hushindwa. Samadi ya kuku, majivu ya jikoni, magugu maji, vyote ni vizuri na vyote vina potasiamu. Ukivirundika pamoja utapata matunda yenye madoa mengi zaidi. Debe moja la samadi ya ng'ombe iliyoiva kwa mti, mara moja kwa mwaka, linatosha. Ile pakiti iache kabisa msimu huu.

Kabla ya kuongeza chochote cha kalsiamu udongoni, pima. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 chini ya vivuli vya miti, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, toa nusu kilo, uipeleke kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, kule kunakotoka mbegu za pamba za UK. Bwana shamba wa kata yako atakuelekeza utaratibu. Mtufaa unapenda pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6.0 hadi 6.5. Ikiwa yako iko chini ya hapo, chokaa ya kilimo ndiyo jibu, kwa kipimo watakachokupa. Ikiwa pH iko sawa lakini kalsiamu ni pungufu, tumia jasi, ambayo huongeza kalsiamu bila kubadilisha pH: kilo 1 kwa mti kwa mwaka, nusu mwezi wa nane na nusu mwezi wa kumi, kwa kuwa luseni haishiki kitu kwa muda mrefu. Usizidishe, jasi nyingi kwenye kichanga huondoa magnesi. Maganda ya mayai ambayo watu wanayasifia ni kalsiamu kweli, ila yasiposagwa yakawa unga laini utayakuta udongoni miaka mitatu baadaye yakiwa vile vile.

Kuna na njia ya mkato, na hii naipenda kwa sababu inalilisha tunda moja kwa moja. Ni kupulizia kloridi ya kalsiamu. Gramu 3 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 48 kwenye bomba la lita 16. Anza wiki ya tatu au ya nne baada ya maua kuanguka, rudia kila baada ya wiki mbili mpaka karibu na kuvuna. Piga jioni jua likishapoa, vinginevyo utaunguza majani. Usiichanganye na mbolea nyingine kwenye bomba hilo, itaganda. Na jambo ambalo wengi hulikosea: lowesha matunda yenyewe, pande zote. Kalsiamu iliyoangukia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Ukipulizia majani ukaacha matunda, umefanya kazi bure.

Boroni nitaitaja kwa ufupi. Kwenye kichanga hupungua, na ikipungua maua hushika vibaya na matunda hupasuka. Subiri majibu ya maabara. Kipimo kinachotosha na kinachoua mti haviko mbali.

Ukubwa wa matunda ni suala la kuhesabu majani. Tufaa moja zuri linalishwa na majani 30 hadi 40. Anna hutoa maua 5 au 6 kwenye kishada, na ukiyaacha yote yazae utapata vitunda 5 vyenye njaa badala ya kimoja kilichoshiba. Matunda yakifika ukubwa wa gololi, bakiza 1 kwa kila kishada, lile la katikati kama halijapinda, na kati ya tunda na tunda pawe na karibu shubiri. Yaliyopinda yaondoe kwanza. Utaona uchungu kuyaangusha chini, najua. Mara ya kwanza nilipopunguza kwenye mti wa mama yangu mzazi aliingia ndani asione. Mwaka uliofuata alinitangulia na ndoo.

Sasa ukavu mdomoni na kukosa utamu. Mbegu zile 3 kwenye picha ni nyeupe. Tunda lilichumwa changa, Mwalimu. Sukari ya tufaa huhifadhiwa kwanza kama wanga, kisha wanga hugeuka sukari kuelekea kuiva. Ukilichuma mapema unakula wanga, ndio huo ukavu. Tena matunda yaliyochumwa machanga hupata madoa ya kalsiamu zaidi yakiwekwa ndani siku chache.

Kuna kipimo cha kufanya barazani kwako na wajukuu, nawe kama mwalimu utakifurahia. Nunua ayodini ya kusafishia vidonda kwenye duka la dawa, uizimue na maji kidogo. Kata tufaa kwa upana, paka ayodini usoni mwa nusu moja, subiri dakika moja. Penye wanga patageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi. Penye sukari patabaki na rangi ya tunda. Uso wote ukiwa mweusi, rudi baada ya wiki. Weupe huanzia katikati kwenye nyota na kutanuka kwenda nje. Unapokuta zaidi ya nusu ya uso imebaki nyeupe na mbegu zimekuwa za kahawia, anza kuchuma. Nusu iliyopakwa ayodini itupwe, isiliwe. Usichelewe pia, kwa sababu Anna kwenye joto letu ikipitiliza huwa ya unga unga ndani ya siku chache. Chuma asubuhi, weka kivulini.

Kuhusu wekundu niseme ukweli. Rangi nyekundu ya tufaa hutaka jua liguse ngozi ya tunda, na hutaka usiku wa baridi. Jua tunalo. Usiku wetu, kando ya ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hauteremki sana kama wa Ceres kule Afrika Kusini. Anna yako itapata shavu jekundu upande wa jua na rangi ya manjano kwingine, na hilo ni tufaa zuri kabisa. Utakachoweza ni kupogoa matawi ya katikati mwanga uingie, na kuinamisha matawi yaliyosimama wima kwa kamba na jiwe mpaka yakaribie kulala. Tawi lililolala huchanua kuliko lililosimama, na mawe ya kufungia, kwa Sangabuye, hutanunua.

Baridi ya kuuamsha mti pia hatuna. Anna huhitaji saa 200 hadi 300 za baridi ya chini ya nyuzi 7, nasi hatupati hata saa moja. Ndiyo maana miti yako, nina hakika, huchanua tawi hili leo na lile mwezi ujao, na hujui uvune lini. Wakulima wa Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wako kwenye tropiki kama sisi na walipata ufumbuzi: baada ya mavuno wanayapukutisha majani yote kwa mkono, mti unadhani kipupwe kimepita, na unachanua kwa pamoja. Kwa ukanda wetu ningekushauri upukutishe katikati ya Agosti, baada ya kupunguza maji wiki mbili tatu. Maua yaje Septemba kukiwa bado kukavu, nyuki wafanye kazi na ukungu usisumbue. Mara tu yanapochanua rudisha maji bila kukosa, hadi mvua za vuli zikupokee. Mavuno yataangukia mwishoni mwa Desemba na Januari. Fanya kwa miti 4 kwanza, ile mingine iache ulinganishe.

Jambo moja la mahali ulipo. Kama sehemu ya kiwanja iko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu hapo. Na kwenye luseni mbolea inayozidi huteremka na maji hadi ziwani, ambako ndiyo inayonenepesha magugu maji yanayowazuia wavuvi kutoka.

Wajukuu sijawasahau. Tufaa, hata la Afrika Kusini linalong'aa, lina kama miligramu 5 tu za vitamini C kwa kila gramu 100. Chungwa lina kama 50. Pera lina zaidi ya 200. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye aina ya tunda, na jua huongeza kidogo. Mfuko wa shinani hauongezi. Watoto wale matufaa yako na maganda yake, kwa sababu vitamini nyingi iko karibu na ngozi, lakini kama ni vitamini unayowatafutia, panda mipera 2 pembeni mwa kisima. Luseni inaikubali, na haitakudai kalsiamu wala kupukutishwa.

Msimu ujao ukivuna, kata matunda 5 kutoka mti uliobebeshwa na 5 kutoka ule usiobebeshwa, hesabu mbegu za kila moja, uniandikie namba hizo pamoja na majibu ya Ukiriguru. Hapo ndipo nitakapoweza kukupa kipimo cha chokaa au jasi cha mti kwa mti.